Ala Namba 83

Oberwinkel, karibu na Daun
21 Januari 1968

Bwana Rautenbach,

Hunijui, nami sikujui. Naitwa Mechthild Hilgers, nafuga ng'ombe sita na kuku wasiosikia la mtu hapa kwetu milimani Eifel. Nimeliona tangazo lako katika gazeti la askari wa zamani, ambalo tarishi wetu hutuletea tupende tusipende. Unatafuta ala ya singe ya vita vya Kaizari, ya kombania ya tano, namba 83. Ala tu, kisu chenyewe cha bunduki hukitaki! Nikacheka peke yangu jikoni, nikasema, huyu bwana yai analo, anatafuta ganda.

Basi ganda lako liko hapa, linaning'inia msumarini kando ya jiko. Ni la chuma, jeusi, na karibu na mdomo pamegongwa namba zilezile ulizoziandika. Nimezisoma kwa miwani na bila miwani. Watoto wa jirani hudhani ni chuma cha kuchochea moto.

Sisemi nauza, wala sisemi siuzi. Niambie kwanza unaitakia nini.

Mechthild Hilgers


Solingen
25 Januari 1968

Bibi Hilgers,

Barua yako nimeisomea nje kwenye theluji, miguuni nina ndara za ndani. Mpangaji wa juu akafungua dirisha kuniuliza kama kuna msiba.

Kwanza nakuomba, tena nakupigia magoti: usiisafishe! Usiiguse kwa majivu, wala mchanga, wala mafuta ya taa. Sisi tunaokusanya singe za zamani tunalia kwa mambo mawili tu, kutu iliyokula namba, na mjane aliyesugua vitu vya marehemu ili vipendeze mnadani. Mimi mwenyewe ni mnoaji, nimekaa kwenye jiwe la kunolea tangu nilipoacha shule, na hapa Solingen mtu akimpa mwenzake kisu chenye doa anaona aibu kama aliyetoka nje bila shati. Viganja vinaniwasha nikiona chuma kichafu. Lakini cha zamani nakiachia uzee wake.

Unauliza naitakia nini. Singe namba 83 ilikuwa ya baba yangu, Peter Rautenbach. Aliuawa kwenye vita vya mto Somme mwaka 1916, wiki chache baada ya mimi kuzaliwa. Hakuniona. Singe ililetwa nyumbani na askari aliyetoka hospitali, imefungwa guniani pamoja na kijiko na wembe, na mama alilia hata akasahau kumuuliza jina lake. Picha ya baba ninayo moja, na humo amesimama mbali na wenzake, uso hauonekani vizuri.

Mama alimwandikia kumwambia nimezaliwa. Jibu halikuja. Mpaka anakata roho mama alikuwa akiniambia, "Alijua, mwanangu, alijua," kwa sauti ya mtu asiyejua. Nina singe arobaini ukutani, Bibi Hilgers, na ningezitoa zote leo hii nikimpata mtu mmoja wa kombania ya tano anijibu swali hilo moja. Baba alijua kwamba nipo?

Nieleze, tafadhali, ala hiyo ilifikaje kwenu.

Ewald Rautenbach


Oberwinkel
2 Februari 1968

Bwana Rautenbach,

Ati nisiisafishe! Umechelewa, bwana wewe. Ala hii hupakwa mafuta ya nguruwe kila Jumamosi baada ya kengele ya jioni, kwa kitambaa chake maalumu cha flaneli, na ole wake atakayepangusia kitambaa hicho sufuria. Mimi nilishawahi. Nilisemwa mpaka Jumatano.

Baba yangu, Matthes Hilgers, alikuwa kombania ya tano. Alijeruhiwa nyonga hukohuko Somme, akarudi nyumbani na singe yake ndani ya ala hiyo. Wamarekani walipofika mwaka 1945 waliamuru kila nyumba ipeleke silaha zake kanisani. Baba akaitoa singe, wakamwachia ala, kwa sababu aliwakodolea macho akasema ala tupu si silaha. Nadhani hawakuelewa hata neno, ila waliona mzee mwenyewe hatanii. Habari za vita hakuzisimulia. Ukimuuliza, anakwenda kutazama ng'ombe.

Pole sana kwa baba yako. Nimelifikiria jambo lako, na naona ala ibaki msumarini pake. Nilikuandikia kwa haraka. Wala usijisumbue kuja, njia ya huku imezibwa na theluji.

Nakutumia soseji za nyumbani, usinichukie.

Mechthild Hilgers


Solingen
7 Februari 1968

Bibi Hilgers,

Soseji ni tamu, na hasira yangu imepungua kidogo, kidogo tu.

Mimi kazi yangu ni kutazama chuma na kujua kimeshikwa na nani. Mwanamke mwenye ng'ombe sita hana nafasi ya kuipaka mafuta ala ya vita kila Jumamosi. Jumamosi ilikuwa siku ya ukaguzi wa silaha kambini, kila askari wa zamani atakuambia. Anayeipaka ni askari. Bibi Hilgers, baba yako yu hai, na wewe unamficha.

Sikulaumu, kwa sababu nami nimekuficha jambo. Singe ya baba yangu haikuja uchi. Ilikuja ndani ya ala, lakini ala hiyo imegongwa namba 84. Mkusanyaji akiona namba hazilingani anafunika uso. Kila Alhamisi tunakutana kwenye baa ya Hannes, wanoaji wastaafu na wendawazimu wengine kama mimi, na kila Alhamisi lazima mmoja aulize, "Ewald, singe lako bado limevaa suruali ya mwenzake?" Nimechekwa hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilikuficha kwa kuogopa utaidai.

Bila shaka 84 ni ya baba yako. Walikosea gizani handakini, kila mmoja akaokota isiyo yake. Basi turekebishe makosa. Mimi nije na 84, nichukue 83, kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Na uniruhusu nikae na mzee dakika chache. Sitamchosha. Nina swali moja tu, unalijua.

Ewald Rautenbach


Oberwinkel
18 Februari 1968

Bwana Ewald,

Umenikamata. Baba yu hai.

Nilimsomea kipande cha barua yako, pale unaposema walikosea gizani. Nilidhani hasikii. Kumbe! Aliinuka kitini, mtu ambaye mimi humwinua kwa mikono miwili, akanifokea: "Makosa? Nani kakosea? Tulibadilishana!"

Basi nikayajua ambayo sikuyajua maisha yangu yote. Huku kwetu wazee wanaamini kwamba mtu mwenye mali ya mwenzake mkononi hafi mpaka airudishe. Bibi yangu alikuwa akiazima ungo kwa jirani kila alipougua. Usiku ule kabla ya kwenda mstari wa mbele, baba alimwambia jirani yake wa mstarini, Peter wa namba 83, nipe ala yako nikupe yangu, halafu tuone nani atathubutu kufa. Peter alicheka sana. Alikuwa mtu wa mjini, haamini, lakini akampa. Sajini alipoona namba hazilingani aliwaoshesha masufuria ya kombania nzima, na bado hawakurudishiana. Siku chache baadaye baba alipigwa nyonga, akabebwa. Alipogeuza kichwa kwenye machela alimwona Peter amesimama, anampungia mkono.

Hakumwona tena. Mwaka 1920 alipanda treni mpaka Solingen, ala kaifunga chini ya koti. Alifika stesheni, akakaa benchini mpaka jioni, akarudi na treni ya mwisho. Mama alimuuliza kwa nini hakuingia mjini. Alisema, "Nisipouliza, bado yuko njiani."

Sasa akili yake inakwenda na kurudi. Anauliza habari za ng'ombe waliokwisha liwa kabla ya vita vya pili. Na kila Jumamosi akishapaka mafuta anasema niongeze sahani, Peter anaweza kufika. Nimeiweka sahani hiyo, Bwana Ewald, nikiwa msichana mwenye mchumba, na naiweka leo mchumba kashakuwa babu huko Koblenz.

Nikuambie kweli yote. Nilikuandikia mara ya kwanza kwa kuchoka. Nilitaka ala itoke humu ndani kwa siri, sahani irudi kabatini. Barua ilipoondoka ndipo nikakumbuka lile la mali ya mtu, kwamba akishairudisha hufa, nikajiuliza nilichokuwa nakitaka hasa ni nini. Nikaingiwa na hofu ya nafsi yangu. Ndiyo maana nikasema theluji.

Njoo. Lakini nakuomba neno gumu. Usimwambie Peter alikufa. Tena akikuita Peter, itika. Macho yake hayaoni vizuri, na umesema nyinyi ni watu wa mji mmoja, damu moja. Ukimwambia wewe ni mwana wa Peter, itabidi umwambie na baba yuko wapi.

Mechthild


Solingen
22 Februari 1968

Bibi Hilgers,

Unajua unaniomba nini?

Nimemtafuta mtu huyu maisha yangu yote. Nimeandikia magazeti, makanisa, mahospitali. Kila mnada niliokwenda nilikuwa nageuza ala kutazama namba, watu wakadhani napenda vyuma. Sivipendi. Nilikuwa namtafuta mtu aliyesimama karibu na baba. Sasa nimempata, hai, anaongea, na wewe unataka nikae mbele yake nijifanye baba yangu? Nikiwa Peter, nitauliza vipi kama Peter alijua? Anayeuliza ni Ewald, na wewe Ewald humtaki nyumbani kwako.

Samahani. Siwezi.

E. Rautenbach


Oberwinkel
Jumatano ya Majivu, 28 Februari 1968

Bwana Ewald,

Una haki ya kukasirika. Sikuandikii kukubembeleza.

Baba amelala. Mapafu. Daktari amekuja mara mbili, na mara ya pili hakufungua hata mkoba. Angekuwa mtu mwingine angeshapumzika, lakini huyu hafi wala haponi, ameishika ile ala chini ya blanketi na kila mlango ukilia anainua kichwa. Padre alipokuja kumpaka majivu, baba alimtazama akasema, "Si wewe."

Mimi sasa siogopi tena aende. Naogopa asiweze kwenda. Ukija, njoo kama upendavyo, uwe Peter au uwe Ewald, sitakuamulia wala sitakaa chumbani kukusikiliza. Basi linaondoka stesheni ya Daun baada ya treni ya mchana. Mwambie dereva unakwenda kwa Matthes, atakushusha mlangoni.

Mechthild


Oberwinkel
12 Machi 1968

Bwana Ewald,

Baba alifariki siku ya tatu baada ya wewe kuondoka, asubuhi, wakati nakamua. Nilirudi na ndoo nikamkuta ametulia kama mtu aliyemaliza mavuno. Mikononi alikuwa ameshika ala yako, yaani yake, 84.

Tulimzika nayo. Padre alikataa, akasema hawezi kubariki jeneza lenye silaha. Nikamkodolea macho, nikamwambia, "Ala tupu si silaha, Padre." Ndugu zangu wote wakatazama viatu vyao wasicheke, na yeye akaendelea na sala.

Kijiji kizima kilikuja. Tulikula viazi vya kuoka na nyama, kama alivyopenda, na waliokuwa hawasalimiani wakasalimiana. Sasa wamekwenda, na nyumba imekuwa kubwa. Jumamosi nilitoa sahani tatu kabatini bila kufikiri. Nilikaa nikazitazama. Miaka yote nilitamani kuirudisha ile moja, sasa nakula na mbili tupu, na nakuambia wazi, Bwana Ewald, nilimlilia hata huyo Peter.

Lakini mlizungumza nini? Nilikuwa jikoni nakata keki, nikasikia sauti yake, halafu yako. Ukatoka umeshika ala kifuani, hukunywa kahawa, hukula keki, ukaniambia "asante" ukatembea mpaka kituoni bila kofia kwenye upepo ule. Kofia yako iko hapa, naona imekalia msumari wa ala. Je, ulimuuliza? Nisamehe kama si haki yangu kujua.

Mechthild


Solingen
17 Machi 1968

Mechthild,

Mungu ampumzishe. Nisamehe kwa kuondoka vile. Ningefungua mdomo pale jikoni kwako, ningelia mbele ya keki.

Acha nianze na Alhamisi. Niliwapelekea wenzangu kwa Hannes singe 83 ndani ya ala 83. Walisimama wote, wakagonga meza, Hannes akatoa bia ya bure, jambo ambalo halijaonekana tangu sarafu ilipobadilishwa baada ya vita. Mmoja akaniambia, "Ewald, hatimaye suruali yake mwenyewe!" Nikacheka nao. Lakini nilipofika nyumbani nikaichomeka tena, nikaona inaingia kwa shida, inakwaruza. Imekaa miaka hamsini na zaidi kwenye ala ya Matthes, imezoea huko. Ningeweza kuinoa ikaingia laini, ni kazi ya kabla ya kifungua kinywa. Sitainoa. Mimi ndiye niliyesema walikosea. Laiti ningeweza kuirudisha 84 ilipokuwa, nichekwe kila Alhamisi mpaka nife.

Sasa ya chumbani. Nilikuja nimekata shauri nitakuwa Ewald. Ndani ya treni nilikariri maneno: mimi ni mtoto wa Peter, nakuomba unijibu. Nilipoingia aliinua kichwa. Halafu akasema, kama mtu anayemsema mdogo wake, "Umekawia, Peter."

Maneno yangu yote yakapotea. Nikamwambia, "Kawia ufike, Matthes."

Alicheka, akakohoa. Akaitoa ala chini ya blanketi, akanipa kwa mikono yote miwili, na mimi nikampa yake. Akaipapasa namba kwa kidole gumba, nane, nne, akavuta pumzi ndefu. Mimi nikawaza, basi, Ewald, swali lako ndilo hilo limekwenda. Umelitoa mwenyewe. Nikasimama niondoke.

Akanishika mkono wa koti. "Na ule mguu?" akauliza.

Nikamwambia, mguu gani?

"Ah, usinifanye mjinga! Mguu wa mtoto. Ile karatasi." Akaonyesha kwa vidole viwili, hivi, urefu wa kidole cha kati. "Umetuzungusha nayo handaki zima, mpaka kwa wapishi, mpaka kwa sajini na ukali wake wote. Tazameni, huu mguu wa mwanangu, huu utavaa viatu vikubwa kuliko vyangu. Ukatuchosha, Peter."

Mechthild, hili sikukuandikia, wala sikumwandikia mtu yeyote. Mama aliponizaa hakuwa na picha ya kutuma. Alinikanyagisha juu ya karatasi ya kufungia sukari, akauchora mguu wangu kwa penseli, akautia ndani ya barua. Alikuwa akinisimulia huku ananifunga kamba za viatu. Hakuna duniani aliyejua habari ya karatasi hiyo ila mama, na mimi, na aliyeipokea.

Nilikaa kitandani kwake. Naye bado ananingoja, amenikazia macho yale yasiyoona. Nina miaka hamsini na moja, na ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza baba yangu habari zangu.

"Anatembea sasa?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Anatembea, Matthes. Amekuja mpaka hapa."

Jumamosi niwekee sahani. Nitakuja kuchukua kofia.

Ewald